Nani mwingine ameweka hela yake humu?

Tarehe 10 Agosti 1995, Bandung, Indonesia: ndege ya abiria ya propela iitwayo N-250 inaruka kwa mara ya kwanza, Rais Suharto mwenyewe kaja kuangalia, na mpaka leo tarehe hiyo Indonesia wanaiadhimisha kama siku ya taifa ya teknolojia. Kesho yake tu, tarehe 11, São José dos Campos kule Brazil, ndege nyingine ya abiria kama hamsini hivi, ERJ-145, nayo ikanyanyuka kwa mara ya kwanza. Zimepishana siku moja. Leo N-250 moja iko makumbusho kule Yogyakarta tangu 2020, wakati ERJ-145 na ndugu zake zilitengenezwa zaidi ya 1,000 na zingine bado zinapiga kazi.

Naileta hii kwa sababu kwenye magrupu ya sisi wapenda ndege (ndio, yapo, na yana makelele kweli) kila baada ya muda linarudi lile swali, nchi ikitaka kuunda ndege yake ya abiria iende peke yake au itafute wabia wa nje, na watu wanagawanyika pande mbili, hawa wanasema ubia ni utumwa utaishia kuwashonea wenzako viti, wale wanasema ukienda peke yako utafilisika. Mi naona swali lenyewe limekaa kombo. Hakuna anayeenda peke yake kwenye ndege ya abiria, hayupo, injini tu peke yake inakutoa kwenye hiyo ndoto. Swali ninaloliuliza mimi ni lingine: mbali na wewe, nani mwingine ameweka hela yake humu ndani, na neno la mwisho ni la nani?

Turudi Bandung. Hizi ndege mbili zinafanana kuliko watu wanavyodhani. Kampuni zote mbili zilianzishwa na serikali enzi za majenerali, Embraer, waundaji wa ERJ-145, mwaka 1969, ya Indonesia mwaka 1976. Nchi zote kubwa, za joto, zenye sehemu ambazo barabara haifiki, mmoja ana visiwa maelfu mwingine ana Amazon. Na hii ndo inayonifurahisha zaidi, injini zote zilitoka nyumba moja, Allison ya Indianapolis, Marekani: N-250 ilifungwa AE2100 ya kuzungusha propela, ERJ-145 ikafungwa AE3007 ya jeti, na ukizifungua kiini chake cha ndani ni kilekile. Kwahiyo usije ukaniambia mmoja alipewa injini mbovu.

Nyuma ya N-250 alikuwepo B.J. Habibie, mhandisi aliyesoma na kufanya kazi Ujerumani mpaka Suharto alipomwita arudi nyumbani mwaka 1974. Na jamaa hakuwa mtu wa kukurupuka hata kidogo. Mpango wake ulikuwa na akili sana: kwanza tuunganishe ndege ya watu kwa leseni (C-212 ya CASA, Wahispania), halafu tubuni moja pamoja nao nusu kwa nusu (CN-235, ambayo ilizinduliwa siku moja Hispania na Indonesia, tarehe 10 Septemba 1983), halafu ya tatu tubuni wenyewe. Hiyo ya tatu ndiyo N-250. Na hawakubuni kitu cha kitoto, maana waliweka usukani wa umeme, yani rubani akivuta, amri inapita kwenye waya na kompyuta ndo inasogeza vile vibawa vya kuongozea ndege, kwenye ndege ya propela ya ukubwa ule, mwaka 1995. Hata mwaka 1997 waliirusha mpaka maonyesho ya Paris.

Halafu sarafu yao ikaporomoka. Januari 1998 Suharto akasaini barua ya makubaliano na IMF, shirika la fedha la kimataifa, na kwenye masharti ilikuwemo kwamba hela ya serikali isiende tena kwenye kiwanda cha ndege. Picha ya siku ile ni maarufu, Suharto kainama anasaini, Michel Camdessus wa IMF kasimama pembeni kafumbata mikono utadhani mwalimu wa zamu. Ukimuuliza shabiki yeyote wa Habibie atakwambia hapo ndipo wazungu walipoiua ndege ya Asia kwa makusudi. Sibishi kwamba ile barua ndiyo iliyoua. Ninachobisha ni kwamba barua moja ilitosha kuua. Kwa nini ilitosha? Kwa sababu N-250 ilikuwa na mfadhili mmoja tu, hazina ya serikali, na hazina ilifunguka kwa sababu ya rais mmoja aliyemwamini mhandisi mmoja. Hapakuwa na kiwanda cha nje ambacho kingepiga simu kusema jamani hela yetu imelala humu. CASA, wabia wa zamani, hawakuwa na senti kwenye N-250, wao walishachukua CN-235 wakairefusha peke yao ikawa C-295, iliyoruka Novemba 1997, na inauzika mpaka leo. Na kinachoumiza zaidi ni kwamba Machi 1998 Habibie akawa makamu wa rais na Mei 1998 akawa rais kabisa, mwenye nchi, na bado hakuweza kuiokoa ndege yake. Kiwanda kilichowahi kuwa na wafanyakazi kama 16,000, mwaka 2003 kikapunguza zaidi ya 6,000, na wahandisi wengi wakaenda kutafuta riziki nje.

Brazil sasa. Kabla hatujawapamba Embraer, wao nao miaka michache nyuma walikuwa mahututi, na kilichowaweka mahututi ni ubia. Ndio, ubia. Miaka ya themanini marais wa Brazil na Argentina walikuwa kwenye msimu wa kupatana, na tunda moja la urafiki huo likawa ndege ya abiria 19, CBA-123, propela zimegeuziwa nyuma, mbio sana, ya kisasa sana, ikaruka Julai 1990. Bei yake ikawa mbaya na mteja hakupatikana hata mmoja wa maana, na Argentina yenyewe hela haikuwepo. Ikafa na ndege mbili za majaribio. Ule ulikuwa ubia wa bendera, watu wamekaa mezani kwa sababu marais wao wamepeana mikono, siyo kwa sababu kuna shirika la ndege linaisubiri bidhaa.

Embraer ikabinafsishwa Desemba 1994 ikiwa mifupa. Lakini ERJ-145 ilikuwa tayari njiani, na njia waliyotumia kuifikisha ndiyo hoja yangu yote. Hawakuwa na hela ya kuimaliza, gharama ilikadiriwa takribani dola milioni 300, kwahiyo wakaenda kwa kampuni nne, Gamesa ya Hispania, Sonaca ya Ubelgiji, ENAER ya Chile na C&D ya Marekani, wakawaambia hivi: wewe chukua mabawa, wewe vipande vya kiwiliwili, wewe mkia, wewe mambo ya ndani ya kabini, mtabuni na kutengeneza kwa hela yenu wenyewe, hatuwalipi sasa hivi, tutawalipa kila ndege itakapouzwa. Isipouzwa wote tumeumia. Karibu theluthi ya gharama ikabebwa hivyo.

Watu wanaona hapo faida ni kupunguza mzigo wa hela tu, mi naona faida kubwa ni nyingine. Ni kama kamati ya harusi: mtu asiyechangia atasifia kila kitu, aliyechangia atauliza mpaka bei ya vitunguu. Gamesa akitakiwa kutia mamilioni yake kwenye mabawa, kwanza anafanya hesabu zake mwenyewe kama hii ndege kuna atakayeinunua. Hiyo ni interview ambayo CBA-123 haikuwahi kufanyiwa, na N-250 hali kadhalika. Na kweli mnunuzi akaja, Septemba 1996 Continental Express ya Marekani wakaweka oda ya ndege 25 na nafasi ya kuongeza 175.

Ila (na hapa ndo grupu huwa linanikimbia) Embraer hawakugawana uamuzi. Mchoro mkuu wao, kutafuta cheti cha usalama cha kuruhusiwa kubeba abiria wao, kuongea na wateja wao, ndege inaitwa Embraer siyo Hispano-Belgo-sijui-nini. Wabia wana hela ndani, lakini usukani una mkono mmoja.

Siku ukipanda Embraer 190 ya Kenya Airways, labda Nairobi kwenda Dar, usikimbilie kiti, tembea nayo kwa macho. Viti viwili kushoto viwili kulia, hakuna yule wa katikati wa kugombania kiwiko. Mlango uliopitia na sehemu za kiwiliwili ni kazi ya Latécoère, Wafaransa. Skrini za rubani Honeywell. Sehemu za bawa mwanzoni zilitoka Kawasaki, ndio hao hao wa pikipiki. Mkia Gamesa. Injini CF34 ya General Electric, na kule mwisho kabisa mkiani kile kiinjini kidogo kinacholia ndege ikiwa imesimama ni cha Hamilton Sundstrand. Ukienda kwenye kadi ya usalama mfukoni mwa kiti, jina ni moja tu.

Sasa kuna wenye kusema Indonesia na Brazil ni nchi masikini, tajiri anaweza kwenda peke yake. Haya, twende Japani. Mitsubishi mwaka 2008 walizindua jeti yao ya abiria, MRJ, shirika la ANA likaagiza, ikaahidiwa 2013. Hawa siyo wachanga, hawa ndio wanaotengeneza bawa la Boeing 787, kiunzi kikuu cha bawa, cha kaboni, kule Nagoya! Serikali ipo nyuma, benki zipo, mainjinia wapo. MRJ ikaruka Novemba 2015, ikaahirishwa mara sita, ikabadilishwa jina 2019 ikaitwa SpaceJet (dalili mbaya hiyo, biashara ikianza kubadili jina kabla ya kuuza), ikasimamishwa 2020, ikazikwa rasmi Februari 2023 baada ya kuruka majaribio zaidi ya saa 3,900 na kula yeni zinazokaribia trilioni 1.

Kilichowaangusha siyo bati wala kaboni. Mapema 2017 walitangaza kuchelewa kwa miaka miwili zaidi kwa sababu ya mpangilio wa mitambo ya umeme na nyaya. Tatizo lilikuwa hivi: kule chini kwenye chumba cha kompyuta za ndege, vifaa muhimu na nyaya zake vilikaa kwa namna ambayo tukio moja, tuseme mlipuko au maji kuvuja, lingeweza kuvizima kwa pamoja. Ndege inaruka vizuri tu. Lakini mkaguzi wa serikali anayetoa cheti haulizi kama inaruka, anauliza nionyeshe kwa maandishi kwamba hiki kikifa kile hakifi, na nionyeshe ulivyojua. Japani mara ya mwisho kupitia mtihani huo kwa ndege ya abiria ilikuwa YS-11, iliyoruka 1962, na hata hiyo walitengeneza 182 tu. Wazee waliojua walishastaafu. Kwenye 787 Mitsubishi anatengeneza bawa, lakini kumshawishi mkaguzi ni kazi ya Boeing, na hiyo elimu haisafirishwi kwenye kontena pamoja na oda ya mabawa.

Ilifika mahali Oktoba 2018 Bombardier ya Kanada wakaenda mahakamani Seattle wakidai kwamba wafanyakazi wao wa zamani waliohamia upande wa Mitsubishi walibeba nyaraka za siri, na nyaraka zenyewe hazikuwa michoro ya injini, zilikuwa zinahusu namna ya kupata cheti. Ni madai, siyo hukumu, lakini angalia watu walikuwa wanagombania nini. Miaka miwili mbele Mitsubishi wakainunua biashara ya CRJ, zile jeti ndogo za abiria za Bombardier, yote kwa dola milioni 550. Ndo maana zile CRJ900 nne za Uganda Airlines zilizokuja mpya 2019 kutoka Kanada, leo mwenye kuzihudumia kiwandani ni kampuni ya Mitsubishi.

Na linganisha: Embraer walizindua kizazi chao kipya, E2, mwaka 2013, miaka mitano baada ya Mitsubishi, kwa injini za familia ileile ya Pratt & Whitney ambayo Mitsubishi alikuwa wa kwanza kuichagua. Februari 2018 wakapata vyeti vya Brazil, Marekani na Ulaya kwa mpigo, Aprili ndege ikaanza kubeba abiria Norwei. Gharama, dola bilioni 1.7. Hakuna uchawi pale, ni kwamba hao hao watu walishafanya mtihani huo mara nyingi na makosa yao yote wanayakumbuka.

Bombardier nitapita haraka kwa sababu hadithi yake inajulikana na inaniudhi. Walibuni ndege nzuri kweli, C Series, ikiwa na viti viwili kushoto vitatu kulia, na yule wa katikati akapewa kiti kipana kuliko wenzake, nani mwingine amewahi kumwonea huruma mtu wa katikati? Ila kampuni ya ukubwa ule iliingia ulingoni na Boeing na Airbus kwa mpigo bila mbabe yeyote upande wake. Zaidi ya dola bilioni 5 zikaisha, serikali ya jimbo lao la Quebec ikatia bilioni 1, shirika la Delta la Marekani waliponunua 75 Boeing akashitaki, Marekani ikatangaza ushuru wa awali wa karibu asilimia 300. Oktoba 2017 Airbus akakubali kuchukua asilimia 50.01 ya mradi bila kulipia kitu, bure kabisa. Januari 2018 tume ya biashara ya Marekani ikatupa kesi ya Boeing kwa kura nne kwa sifuri, lakini mkataba ulishasainiwa. Ndege ikaitwa A220. Ubia walipata, ila waliutafuta wakiwa wamepiga magoti, na mtu aliyepiga magoti hachagui masharti. 2020 Bombardier akatoka kabisa, Airbus asilimia 75, Quebec 25.

Sasa msinifanye mhubiri wa ubia. Mbia anaweza kukuangusha vilevile. Warusi waliweka kwenye Superjet, jeti yao ya abiria, injini ya SaM146, nusu yao nusu ya Wafaransa wa Safran, na kiini, sehemu ya moto, ilikuwa ya Wafaransa. Ikaja 2022, vita na vikwazo, spea zikakatika, wakabaki wanatafuta injini yao wenyewe. Wachina na C919 yao ya abiria inayotumia injini za LEAP, za ubia wa Wamarekani na Wafaransa, 2025 Marekani ikasimamisha kwa muda vibali vya vifaa na roho zikawa juu. Embraer wenyewe 2018 walikubali kumuuzia Boeing asilimia 80 ya kitengo cha ndege za abiria kwa dola bilioni 4.2, wakagawanya kampuni vipande viwili kwa gharama zao, na Aprili 2020, korona imepamba moto, Boeing akasema samahani nimeghairi. Wengi tulidhani ndo mwisho wao. Hawakufa, kwa sababu walichokuwa karibu kukiuza bado kilikuwa mikononi mwao, vyeti, wahandisi, wateja. 2024 usuluhishi ukaisha kwa Boeing kulipa milioni 150, ambazo ukilinganisha na ile bilioni 4.2 ni hela ya vocha.

Sisi wanunuzi huku tunayaonja haya kwa upande wetu. Air Tanzania walikuwa wa kwanza Afrika kupata A220, Desemba 2018, na tukashangilia kweli. 2022 wakatangaza baadhi zimesimama kwa sababu ya injini, tatizo lililokuwa linawakuta mashirika mengine pia duniani. Mtaani watu wakawa wanamlaumu Airbus, wengine shirika, wengine serikali, wakati injini ni ya Pratt & Whitney na foleni ya matengenezo ni yao. Ukinunua ndege ya wabia wengi unanunua pia foleni zao zote, na hilo unatakiwa kulibana kwenye mkataba kabla ya kupiga picha na maji ya kupokelea ndege.

Na kwenye grupu swali likishafika hapo lazima mtu aseme, basi Afrika tuanze na vipuri, tutapanda pole pole. Tayari tumeanza, mbona. Casablanca kuna kiwanda kinachotengeneza vipande vya A220, na Ethiopian Airlines wana karakana Addis Ababa inayofunga nyaya za ndege za Boeing. Kazi nzuri, ajira nzuri, sina neno baya. Ila mpangilio wa wapi zile nyaya zipite na kwa nini zisipite pamoja unatoka kwa Boeing, na ni mpangilio huo, siyo kufunga nyaya, uliowachelewesha Mitsubishi miaka miwili.